Kope za Gari la Mkunga

Jina lake la kuzaliwa watu walilisahau mapema. Alipokuwa bado anajifunza kazi ya kushona viti vya magari, alikuwa na tabia ya kufumua pindo lolote lililokwenda upogo, hata kama mwenye gari amesimama mlangoni akimsubiri na ameanza kukohoa kwa hasira. Mwajiri wake akambatiza Pindo. Jina likamganda, na alipofungua karakana yake mwenyewe, kati ya kibanda cha fundi wa pancha na duka la milango, hakuna aliyemwita kitu kingine ila Fundi Pindo.

Karakana ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye uwanja mdogo wa mbele uliomwagiwa zege. Ndani mlikuwa na cherehani nzito nyeusi, meza ya kukatia iliyolainika kwa viganja, na vipande vya sponji vilivyopangwa hadi vikagusa dari. Pindo alikuwa mtu wa maneno machache na vidole vyenye akili. Alikaa kwenye kiti cha gari lolote, akapapasa ubavu wake kidogo, akakwambia kama mto ule ni wa kiwandani au umeshawahi kufunguliwa, na kama aliyeufungua alikuwa na haraka.

Lakini Fundi Pindo hakujua kuendesha gari.

Si wengi waliojua. Mteja huleta gari, mteja huondoka nalo. Likihitaji kusogezwa kidogo, Pindo huachia breki ya mkono, akalisukuma kwa bega huku akipiga mluzi, kana kwamba anafanya mazoezi. Mvua ikianza ghafla, humwita fundi wa pancha: "Hebu niingizie hili, mikono yangu ina gundi." Na mikono yake ilikuwa na gundi kila mvua iliponyesha. Ujanani hakupata nafasi ya kujifunza. Baadaye akaona haya kuuliza. Na haya ikishaota mizizi haing'oki kwa mkono mmoja. Mkewe, aliyekuwa akishona sare za shule katika chumba cha mbele cha nyumba yao, hakumwacha apumue.

"Mganga hajigangi, sawa," alimwambia, "lakini wewe umezidi, baba watoto. Kutwa nzima umekaa ndani ya magari, jioni unarudi kwa miguu."

Pindo huguna tu, akaomba chai.

Asubuhi moja gari la zamani liliingia uwanjani polepole, la rangi ya samawati iliyopauka, lenye taa za mviringo kama macho ya mtu aliyeshtuka. Kwa mbali Pindo alidhani halina dereva. Liliposimama ndipo alipokiona kichwa cha mwanamke mzee kikichungulia juu ya usukani. Mlango ukafunguka, mama yule akateremka mguu mmoja kwanza, akanyamaza kidogo kuusikiliza, kisha akashusha wa pili. Akavuta mto aliokuwa ameukalia, akaukung'uta.

Huyo alikuwa mkunga mstaafu. Nusu ya watu wa mtaa ule walipokewa duniani na mikono yake, na nusu ya pili walidai hivyo ili nao wachangamkiwe. Wote walimwita Bibi Mkunga.

"Shikamoo, mama," Pindo alisema.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea mgonjwa. Lakini kwanza nitazame mimi nywele."

Pindo akatazama. Nywele zake nyeupe zilikuwa zimenyunyiziwa unga wa manjano.

"Unatoka huko juu," mama akasema, akielekeza kidole ndani ya gari. "Nikiteremsha kile kibao cha jua, kinanimwagia unga. Nisipokiteremsha, kinateremka chenyewe. Juzi kimenijaza unga puani nikiwa nasalimiana na askari wa barabarani."

Pindo akainama ndani. Vile vibao viwili vinavyoning'inia juu ya kioo cha mbele kuzuia jua, yeye tangu zamani aliviita kope za gari, kwa sababu hufumba na kufumbua. Hizi zilikuwa zimezeeka kweli. Ngozi yake ya plastiki, iliyokuwa rangi ya maziwa siku zake, ilikuwa ya kahawia na imepasuka kama tope lililokauka. Kwenye upande wa dereva palikuwa na doa jeusi la mviringo, mahali kidole gumba kiliposhika miaka nenda rudi. Kope ya abiria haikuwa imechakaa sana, ila ilikuwa imepinda katikati.

"Na hii ilikuwaje?" Pindo aliuliza.

Bibi Mkunga akacheka. "Hiyo? Nilikuwa namkimbiza mama mmoja hospitali. Pale kwenye kona ya kiwanda cha matofali uchungu ukamshika. Akashika alichokipata. Mtoto mwenyewe sasa ana ndevu."

"Ninyooshe, au niache ukumbusho?"

"Nyoosha, fundi. Aliyeipinda alishajifungua."

Kabla ya adhuhuri mwana wa Bibi Mkunga naye akafika, mtu mzima mwenye duka la miwani. Alikuwa mpole na nadhifu, na alilipenda gari lile kuliko jino lake la mbele. Alimshika Pindo mkono, akamvuta kando.

"Fundi, kuna maonyesho ya magari ya kale nataka nilipeleke. Nimesafisha kila kitu, zimebaki hizo. Naomba ziwe kama zilivyotoka kiwandani. Hata mshono."

"Hata mshono," Pindo aliitikia. Maneno yale yalimwingia kama asali. Wateja wake wengi walitaka kitu cha haraka na cha kung'aa. Huyu alitaka hasa kile ambacho yeye Pindo alikipenda.

Basi akazifungua kope zile kwa bisibisi ndogo, akazilaza mezani juu ya kitambaa cheupe, kama watu wazima waliolala. Hakuchana. Alifumua mshono mmoja mmoja kwa ncha ya wembe, akaitoa ngozi nzimanzima, ili imwonyeshe umbo lake. Sponji ya ndani haikuwa sponji tena: aliigusa ikageuka vumbi. Chini yake palikuwa na kadibodi ngumu iliyovimba kwa unyevu wa miaka, na fremu ya waya iliyoshikwa na kutu. Waya akaupiga msasa mpaka ukang'aa, akaupaka rangi ya kuzuia kutu, akautundika dirishani ukauke. Ule uliopinda aliunyoosha kwa koleo, akibana kidogo, akitazama, akibana tena.

Rangi ndiyo iliyomsumbua. Maziwa yana rangi nyingi. Lakini alipoliondoa lile bati dogo lililoshikilia kope kwenye paa, chini yake alikuta kipande cha ngozi ambacho jua halikuwahi kukifikia, safi kama siku ya kwanza. Alikibeba mfukoni akazunguka nacho maduka yote ya vitambaa, akikiweka juu ya kila jora, akitikisa kichwa, akiondoka. Mwisho alipata alichotaka kwa mshonaji wa mikoba, baki la kazi ya zamani lililosahauliwa chini ya kabati.

Akakata kadibodi mpya, akabandika sponji nyembamba juu yake, akavuta ngozi na kuibana pembeni kwa vibanio vya nguo alivyomwibia mkewe kambani. Akashona ukingo kwa mkono, sindano ikiingia katika matundu yaleyale ya zamani aliyoyanakili. Mwisho akakaza kile chuma kinachoishika kope isidondoke, kwa kukiwekea ndani utepe mwembamba wa shaba. Aliporudisha kope garini, akaziteremsha, zikateremka. Akazipandisha, zikakaa. Hazikusema hata nyii.

Mwenye duka la miwani alipofika aliziteremsha na kuzipandisha mwenyewe. Kisha akapiga picha kila upande, mpaka mama yake akamwuliza kama anataka kuzichumbia. Wakaondoka wote wawili, na Pindo akarudi kwenye meza yake akiwa na furaha ya kimyakimya, ile ya mtu aliyefanya kitu sawasawa na hahitaji kukitangaza.

Haikupita wiki, gari la samawati likarudi. Safari hii Bibi Mkunga alikuja peke yake.

"Fundi, kope ni nzuri. Kila anayeziona anazisifu."

"Nashukuru, mama."

"Ila jua linapita chini yake, linaniingia machoni kama sabuni."

Pindo akachukua utepe wa kupimia. Akapima kope ya kulia, akapima ya kushoto, akaleta zile ngozi za zamani alizokuwa bado amezihifadhi, akazilaza juu yake. Hazikutofautiana hata upana wa uzi.

"Ndivyo zilivyokuwa tangu mwanzo, mama. Vilevile kabisa."

"Sijakataa. Mwanangu ananiambia nivae miwani ya jua. Nimeivaa. Inafanya dunia nzima iwe jioni, sioni mashimo." Akampa funguo. "Shika. Jua likianza kushuka, endesha kuelekea kule kwenye matangi ya maji, uone mwenyewe."

Funguo zikabaki katikati ya kiganja cha Pindo. Akazitazama. Fundi wa pancha, aliyekuwa akijaza upepo pale kando, ghafla akawa na kazi nyingi sana. Pindo akafungua kinywa kuzungumzia gundi, lakini mikono yake ilikuwa mikavu na mama alikuwa anaiona.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "mimi gari sijui kuendesha."

Bibi Mkunga hakucheka. Alimtazama kama alivyokuwa akiwatazama watu wodini, kuanzia usoni kwenda chini na kurudi. "Wewe?"

"Mimi."

"Haya. Basi nitakuendesha mimi. Ingia."

Jioni ile wakatoka. Barabara ya kwenye matangi ya maji ilinyooka moja kwa moja kuelekea machweo. Pindo alikaa upande wa abiria, kope yake imeteremshwa, na hakuona shida yoyote: jua lilikatwa pale juu ya nyusi zake kama kwa mkasi. Akageuka kumwambia mama hivyo. Ndipo alipomwona. Bibi Mkunga alikuwa amekunja uso wote, jicho moja limefumba, kidevu kimeinuliwa kupita usukani, na mwanga umemjaa kuanzia nywele hadi kifuani. Kope ilikuwa imeteremshwa mpaka mwisho, na ukingo wake wa chini uliishia juu kabisa ya kichwa chake.

Pindo akateleza kitini, akashuka taratibu mpaka macho yake yakawa sawa na ya mama. Jua likamchoma. Akaona weupe mtupu, na ndani ya weupe ule kivuli cha mtu anayevuka na baiskeli, ambaye mama alikuwa tayari amempunguzia mwendo kwa kusikia kengele yake.

"Simama, mama. Simama kidogo."

Wakasimama pembeni. Bibi Mkunga akajipangusa machozi ya jua.

"Zamani zilinitosha," alisema. "Nilikuwa sihitaji hata mto. Gari halikupungua, fundi. Mimi ndiye niliyepungua. Kila mwaka naacha kidogo mahali."

Pindo akautazama mto aliokuwa ameukalia mama. Alikuwa ameupima upana wa kila kitu katika gari lile, na aliyekaa ndani hakumpima.

Nyumbani alimkuta mkewe akipiga pasi sketi za shule. Akakaa juu ya kigoda, akamweleza yote: neno alilompa mwenye duka la miwani, na macho ya mama yule.

"Nikiibadilisha, nimevunja ahadi," alisema. "Nisipoibadilisha, atagonga mtu."

"Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi," mkewe akajibu bila kuinua macho. "Leo umeubeba kidogo ukaona si usufi." Akaigeuza sketi, akamwonyesha upindo wa chini, mpana kama kiganja. "Mzazi akiniletea mtoto, sishoni kwa kimo cha leo. Naacha pindo, kwa sababu najua mwili haukai. Sasa wewe watu wanakuita Pindo, hujui pindo lina kazi gani?"

"Mtoto anarefuka. Huyu anafupika."

"Si ndiyo vizuri? Pindo la mtoto hulifumua mama yake, la huyu utaliongeza wewe. Nenda kafikiri, unanizibia mwanga."

Akaenda akafikiri. Wazo lilikuwa kuipa kope ulimi: kipande cha pili, kilichofichwa nyuma, ambacho dereva akikivuta kinashuka na kuongeza kivuli, na akikirudisha hakionekani. Ilimbidi afumue mshono wake mwenyewe, ule uliopigwa picha kila upande. Ulimi wa kwanza aliutengeneza kwa kadibodi na ukawa mzito. Bibi Mkunga alipokwenda kuujaribu, gari likapita kwenye tuta, kope nzima ikaporomoka na kumfunika uso.

"Mwanangu," alisema aliporudi, "nilikuomba kope, umenipa shuka."

Wa pili aliukata katika mfuniko wa ndoo ya plastiki, mwembamba na mgumu, akauvika ngozi upande mmoja tu. Akausafisha ukingo ili usikwaruze, akauwekea vishikizo viwili vya kubana, akashona upya juu yake kwa matundu yaleyale. Safari hii walikwenda tena kwenye barabara ya matangi, na mama akauvuta ulimi kwa kidole kimoja. Kivuli kikamshukia usoni. Mikunjo ya paji la uso ikaachia mmoja baada ya mwingine, na akaendesha njia yote bila kunyoosha shingo. Hakusifu. Alianza tu kuzungumza habari nyingine, bei ya vitunguu na jirani anayepiga redio, na Pindo akajua kazi imekwisha.

Kesho yake mwenye duka la miwani alikuja, uso umekunjwa, mama yake akimfuata nyuma.

"Fundi, tulikubaliana nini?"

"Kama zilivyotoka kiwandani, hata mshono," Pindo alisema. "Ni kweli, na nimelivunja neno langu bila kukuuliza. Lakini nilikuahidi kabla sijakaa pale anapokaa mama. Ukiurudisha ulimi juu hauonekani. Na siku ya maonyesho vishikizo ni viwili tu, unautoa."

Yule bwana akauvuta ulimi, akaurudisha, akauvuta tena. Alitaka kubaki na hasira, lakini mikono yake ilikuwa ya mtu anayependa vitu vilivyotengenezwa vizuri, ikamsaliti.

"Bado nisingeuweka," alisema.

"Wewe una kimo cha mlingoti, kwa nini uuweke?" Bibi Mkunga akadakia kutoka nyuma. "Gari bado ni langu, baba. Siku likiwa lako, utaukata ulimi. Leo uache, nina pa kwenda."

Mwanawe akamtazama mama yake akiupanda mto wake, akijivuta kwa usukani. Akamfungia mlango taratibu. "Haya, mama," alisema. Kwenye maonyesho baadaye aliutoa ulimi kama alivyokusudia, na jioni yake akaurudisha mwenyewe bila kuambiwa.

Kwa Bibi Mkunga, hata hivyo, habari haikuishia hapo. Jumapili iliyofuata alisimama mbele ya nyumba ya Pindo akapiga honi.

"Toka, fundi. Twende ukajifunze."

"Mama, umri huu?"

"Nimezalisha watu wangapi waliokuwa wanapiga kelele kwamba hawawezi? Wote waliweza. Ingia, huku, upande wa usukani."

Mkewe alimsukuma mgongoni hadi getini.

Walikwenda kwenye kiwanja kitupu nyuma ya kiwanda cha matofali. Pindo, aliyekijua kiti kile kwa kila uzi wake, alikishikilia kama mtu aliyekaa juu ya ngamia. Jasho lilimtoka hadi viganjani. Bibi Mkunga alikunja mikono mapajani, sauti yake ikawa tulivu na ya mbali kidogo.

"Pumua kwanza. Pumua tena. Klachi chini. Usisukume bado… bado… Haya, sasa, kidogo kidogo."

Gari likaruka kama mwanambuzi, likazima.

"Kichwa kilitoka, kimerudi," mama akasema. "Si neno. Tunaanza tena."

Walianza tena mara nyingi, Jumapili baada ya Jumapili. Akiharakisha, aliambiwa asibane meno. Akikata tamaa, aliambiwa kwamba wote hukata tamaa karibu na mwisho. Siku gari lilipozunguka kiwanja kizima bila kuzima, Pindo alicheka kwa sauti mpaka mbavu zikamuuma, na mama akampiga kofi la bega, kofi lilelile alilowapiga watoto wachanga ili walie.

Mtihani wa kwanza alianguka: alirudi nyuma akapanda ukingo. Alisikitika siku nzima, akafumua na kushona upya kiti ambacho hakikuwa na kosa. Mtihani wa pili alipita. Fundi wa pancha alimpongeza kwa kelele hata wateja wakatoka nje kutazama, na Pindo akakiri mbele yao wote kwamba kwa miaka yote ile gundi ilikuwa uongo. Wakavunjika mbavu, yeye akiwa wa kwanza. Ajabu ni kwamba aibu aliyoiogopa maisha yake yote ilidumu kama dakika ya kunywa maji.

Bibi Mkunga aliendelea kuendesha, polepole na katikati ya barabara, akienda kuwaona akina mama wachanga waliokuwa bado wanamtumia salamu. Pindo naye hakununua gari. Alikuwa akiazima la shemeji yake inapobidi, basi.

Mara ya kwanza alipoliazima alimpeleka mkewe kwa dada yake, mwendo mrefu kidogo nje ya mji. Mkewe alikaa wima, mkoba mapajani, miguu ikikanyaga breki asiyokuwa nayo. Walipoacha nyumba za mwisho nyuma yao, akaacha kukanyaga. Baadaye kidogo kichwa chake kikaegemea dirisha, na mdomo ukafunguka. Pindo akapunguza mwendo, akawa anayakwepa mashimo moja moja. Walipofika alizima injini, akakaa kimya mikono ikiwa bado juu ya usukani. Dada wa mkewe akatoka mlangoni akawapungia. Pindo akaweka kidole mdomoni kumwashiria asubiri kidogo.

Mkewe akazinduka mwenyewe.

"Tumefika?"

"Tumefika."

"Sikulala," akasema, akitafuta kiatu chake kimoja chini ya kiti.